Ansible, Puppet, Chef au Salt: kampuni yenye matawi 14 na IT wawili tu, tuchukue ipi?

FundiWaSeva:
Wakuu habari za kazi. Naombeni mawazo kuhusu hizi programu za kusimamia seti za mashine nyingi kwa pamoja, maana nimezunguka YouTube wiki nzima na kila anayeongea anaisifia ya kwake.

Kampuni yetu inauza vipuri na vifaa vya ujenzi, makao makuu Dar, matawi 14, kuanzia Mwanza, Kahama, Mbeya, Tunduma, Songea mpaka Mtwara huko. Kila tawi lina kamashine kamoja ka Ubuntu (aina ya Linux) kanabeba databezi ya mauzo, ruta ya Mikrotik, halafu kompyuta za Windows 3 au 4. Hapa Dar kuna seva kama 20, nyingine za kukodi nje. Idara nzima ya IT ni mimi na dogo mmoja, basi.

Mpaka leo tunafanya kwa mikono. Apdeti ikitoka naingia kwa SSH (njia ya kuamrisha mashine kutoka mbali) tawi moja moja, nina faili la Excel lina rangi, kijani nimemaliza, njano bado, nyekundu nilianza nikaitwa kwenye printa. Juzi tumebadilisha paswedi ya databezi nikaisahau Kahama, asubuhi wamefungua duka hawawezi kutoa risiti, meneja kampigia bosi kabla hata ya kunipigia mimi.

Bosi naye kaletewa kotesheni na muuzaji, bei ni kwa kila mashine kwa mwaka, kwa dola. Kaitazama namba ile akaniuliza "hiki kitu kinafanya nini ambacho wewe hufanyi?" nikabaki nakohoa. Sasa nataka kujua ipi inafaa watu wawili, ipi haitakufa intaneti ya tawi ikikatika (na inakatika, Songea tulikaa siku mbili), na je ya bure inatosha au lazima tulipie?

mzee_wa_terminal:
Mkuu karibu. Nimeanza hizi kazi enzi za CFEngine, programu ya zamani ya aina hii hii, ile aliyoianzisha Mark Burgess pale Oslo 1993, kwa hiyo nimeona zote zikija na zikibadilisha wamiliki.

Kwa watu wawili anza na Ansible, usinipotezee muda. Sababu ni moja, haihitaji uweke ejenti, yaani programu yake ya kukaa kwenye kila mashine. Inapita kwenye SSH ile ile unayotumia kila siku, ikifika kule inataka Python tu na Ubuntu yako inayo tayari. Unaandika unachotaka kwenye faili la YAML (maandishi ya kawaida yaliyopangwa), wanaita pleibuku, unairusha. Mfano ile shida ya risiti kutoka na saa ya London kwa sababu mtu aliinstoli Ubuntu akaacha UTC, saa tatu nyuma yetu:

- name: Saa ya matawi
  hosts: matawi
  become: true
  tasks:
    - community.general.timezone:
        name: Africa/Dar_es_Salaam

Hiyo tu. Dogo wako ataielewa leo leo bila kujua lugha ya programu ya Ruby. Puppet ina lugha yake, Chef ndiyo kabisa unaandika Ruby, wao wanaita mapishi na vitabu vya mapishi, mimi nilikaa nayo mwaka mzima nikawa naonekana mpishi kuliko fundi. Chef ni nzuri ukiwa Facebook una mashine hazihesabiki na jeshi la maprogramu, sio wewe na dogo.

Kuhusu hela, Ansible yenyewe ni bure. Kinachouzwa ni ile platifomu ya Red Hat, na humo ndani kuna ukurasa wa kubonyeza, ruhusa za nani afanye nini, ripoti na watu wa kuwapigia simu. Ukitaka ukurasa wa kubonyeza bila kulipa kuna Semaphore nyepesi, kuna AWX pia ila AWX siku hizi inataka Kubernetes (mfumo mzito wa kuendesha programu kwenye seva nyingi), utajikuta unatunza Kubernetes ili iweze kukutunzia mashine 14 za Ubuntu, kichekesho.

kijana_bash:
Mbona mnakuza mambo wakuu, for loop moja ya bash (skripti inayorudia amri kwa kila mashine) na SSH inamaliza yote hayo. Mashine 34 tu jamani

mzee_wa_terminal:
@kijana_bash dogo, for loop nimeitumia kabla hujazaliwa. Andika skripti yenye echo "10.8.0.1 seva" >> /etc/hosts halafu irushe mara kumi, kafungue faili uhesabu mistari. Utakuta kumi. Ansible ukiirusha mara kumi mstari ni mmoja, kwa sababu inaangalia kwanza kama upo, ukiwepo inapita. Sasa fikiria tawi la nane intaneti imekatika katikati ya skripti yako, unaanza upya wote au unaanzia wapi? Hapo ndipo utarudi kwenye Excel ya rangi ya ndugu yetu.

kijana_bash:
😂😂 sawa mzee nimekaa

DadaSysadmin:
Habari zenu. Mimi niko Dodoma, nimetunza Puppet miaka sita sehemu yenye ofisi za wilayani, naomba niseme kitu ambacho mzee kakiruka.

Kaka @FundiWaSeva swali lako la pili ndilo swali lenyewe, intaneti kukatika. Ansible kawaida yake ni kusukuma, wewe wa Dar unaifuata mashine. Ukirusha saa nne usiku na Songea haipo hewani, Songea imekosa, utaona unreachable kwenye ripoti na ni juu yako kukumbuka kurudia. Puppet ni kinyume, mashine yenyewe inaifuata seva kila nusu saa kuuliza "niwe vipi?" Ilikuwa imezima siku mbili? ikiwaka inakuja yenyewe. Na hata seva kuu isipopatikana, ejenti inatumia maagizo ya mwisho iliyoyahifadhi, inaendelea kusimamia. Halafu kwa sababu tawi ndilo linalotoka nje kwenda porti 8140 huna haja ya kutafuta namna ya kuingia kwenye mtandao wa kila tawi.

Sasa na ubaya wake nisiufiche. Kwanza seva yake ni ya Java, memori tu kawaida inajiwekea GB 2 kabla hujafanya lolote. Pili mambo ya vyeti, vile vitambulisho vya kidijitali. Kila mashine ina cheti chake na cheti kinaangalia tarehe, sasa kuna ofisi moja umeme ukikatika kompyuta inawaka ikiwa mwaka ambao hata cheti kilikuwa hakijazaliwa, kumbe ile betri ndogo ya kwenye bodi imekufa. Nimehangaika na ile mashine wiki, nafuta cheti natengeneza kingine, kesho yake tena. Betri ya kama sarafu jamani. Tangu hapo nikisafiri wilayani kwenye pochi yangu kuna lipstiki na betri za CR2032.

Tatu, haikusamehi. Kuna mwenzetu aliamka usiku akabadilisha seti kwa mkono kwenye seva kuzima moto, ikapona, akalala. Nusu saa baadaye Puppet ikarudisha ilivyokuwa, moto ukawaka tena, akaamka akabadilisha, ikarudisha. Mpaka asubuhi anasema kuna mtu katuingilia. Hakuna mtu, ni Puppet inafanya kazi iliyoajiriwa.

NairobiOps:
Sasa wadau. Mimi niko Nairobi na huku kwetu tulienda Salt, wacha niiseme pia maana huwa inasahaulika.

Salt iko na ejenti inaitwa minioni, na hiyo minioni inakaa imeshikilia laini na mkubwa wake, yaani seva kuu, muda wote. So ukiuliza "mashine zote, diski imebaki ngapi?" majibu yanarudi kwa sekunde, hata zikiwa mia kadhaa. Ansible nayo kama hujagusa seti inaenda mashine tano tano, na kwa kila kazi inapeleka ka-programu kadogo, inakaendesha, inarudi. Kwa laini ya tawi yenye kuvuta miguu utakunywa chai mbili. Ongeza hiyo namba ya forks na uwashe pipelining (inapunguza hizo safari za kwenda na kurudi), inasaidia sana, lakini Salt haishikiki kwa mwendo.

Lakini kuna kitu lazima nikwambie. Mwisho wa Aprili 2020 ilitoka habari ya tobo kwenye Salt, CVE-2020-11651, uzito 10 kwa 10. Yeyote aliyeweza kufika porti 4505 na 4506 za mkubwa angeweza kuamrisha minioni zote kama root, yule mwenye mamlaka yote, bila paswedi. Waliochunguza walikuta zaidi ya mkubwa 6,000 wako wazi kwenye intaneti. Marekebisho yalikuwa yametoka tayari, siku chache tu na watu wameanza kuingiliwa, wengi waliwekewa programu za kuchimba sarafu za kidijitali. Tulikuwa tumefungia yetu ndani ya VPN so tulipona, ila ile wikendi sikulala. Point yangu ni kwamba hizi programu zote, si Salt peke yake, unampa mtu mmoja funguo za nyumba zote. Hiyo seva kuu usiweke nje, nakuomba.

Na kitu kingine, Salt ilinunuliwa na VMware 2020, VMware nayo ikanunuliwa na Broadcom 2023. Kama ningeanza leo ningefikiria mara mbili, nasema ukweli.

mzee_wa_terminal:
Hilo la wenyewe kubadilika ni la kweli na halina aliyepona. Red Hat waliinunua Ansible 2015, IBM wakainunua Red Hat 2019. Chef ilienda Progress 2020. Puppet ilienda Perforce 2022, na mwishoni mwa 2024 wakatangaza paketi mpya hawatazitoa hadharani kama zamani, jamii ikajitoa na kutengeneza OpenVox ambayo ni Puppet ile ile kwa jina jingine. Kwa hiyo dada wa Dodoma akishauri Puppet, wewe mpya anzia OpenVox.

pwani_kavu:
Samahani kudandia, na Terraform je? Kila tangazo la kazi naiona.

NairobiOps:
@pwani_kavu hiyo ni kazi tofauti. Terraform inajenga nyumba, yaani inakuombea seva, mtandao na diski kwa watu wa klaudi. Ansible na wenzake wanapanga vyombo ndani. FundiWaSeva ana vimashine viko chini ya kaunta Tunduma, hakuna cha kujenga. Zile seva za kukodi anaweza kuitumia baadaye. Ukiianza angalia OpenTofu pia, ilijitenga 2023 baada ya HashiCorp, wenye Terraform, kubadilisha leseni.

MtuWaMaskati:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie niko Maskati, kazi yangu ni upande wa Windows na naona hamjaugusa wakati ndugu yetu kasema kila tawi lina Windows 3 au 4, yaani kompyuta hamsini hivi, ndizo nyingi kuliko hizo Linux zote.

Ansible inaweza Windows, inapitia WinRM (njia ya Windows ya kuamrishwa kutoka mbali), zipo moduli za apdeti, za rejista, za kuinstoli programu. Ila seva ya kuirushia haiwezi kuwa Windows, lazima Linux au jamii yake kama Mac, au ile WSL, yaani Linux ndani ya Windows. Lakini ndugu yangu kama hizo kompyuta zimo kwenye domeni, yaani zinasimamiwa na seva moja ya Windows, tumia Group Policy, sheria zake za pamoja, umeshailipia tayari, usijitwike mzigo. Kama hazimo kwenye domeni na kila moja ina akaunti ya "user" bila paswedi, basi hilo ndilo tatizo lako la kwanza, si Ansible wala Puppet.

Mikrotik nazo zimo kwenye Ansible, kuna mkusanyiko wa moduli unaitwa community.routeros. Tahadhari hapa, ile moduli ya command inatuma amri tu kama ulivyoandika, haiangalii kwanza, ukiirudia inaongeza tena sheria ya fayawoli ile ile. Kuna nyingine inaitwa api_modify, hiyo ndiyo inaangalia. Na ukigusa fayawoli ya ruta iliyoko kilomita elfu, washa safe mode kabla, inarudisha ilivyokuwa ukikatika. Mie nilijifungia nje ya ruta moja nikampigia simu mlinzi saa sita usiku aichomoe na kuichomeka. Mlinzi alichomoa friji.

FundiWaSeva:
😂😂 friji

Aisee asanteni sana nimeshiba. Dada @DadaSysadmin umenitisha na umenishawishi kwa wakati mmoja. Kichwani kwangu sasa iko hivi, Ansible naielewa na dogo ataielewa, lakini Songea ikikatika ndio hivyo tena. Puppet inaniponya Songea lakini sina mashine ya kuipa wala muda wa vyeti. Hakuna katikati?

DadaSysadmin:
Katikati ipo kaka, inaitwa ansible-pull. Unaweka pleibuku zako kwenye Git (hazina ya faili inayokumbuka kila badiliko) hapo Dar, kila mashine ya tawi unaiwekea Ansible na kroni, ratiba ya kujiendesha, kila nusu saa inakwenda kuvuta pleibuku na kujirushia yenyewe. Intaneti ikirudi inavuta. Umepata tabia ya Puppet kwa YAML ya mzee.

Mambo mawili lakini. La kwanza, hakuna ripoti ya pamoja, lazima mwishoni mwa pleibuku uweke kakazi ka kuandika mahali "mimi Kahama nimemaliza saa fulani", usipofanya hivyo hutajua nani kakaa mwezi hajavuta. La pili ni la hatari zaidi, siri. Paswedi zako utazifunga na ansible-vault, zana yake ya kufungia siri, vizuri, lakini kwenye pull ufunguo wa vault lazima uwe kwenye mashine ya tawi. Mwizi akibeba kale kamashine ka chini ya kaunta kabeba na ufunguo, na kama umefunga siri zote kwa ufunguo mmoja kabeba matawi 14. Kila tawi na ufunguo wake, na kwenye Git lipewe ruhusa ya kusoma tu.

Mimi ningekuwa wewe, seva 20 za Dar ningesukuma kawaida, matawi ningevuta.

mzee_wa_terminal:
Dada kamaliza, mimi naongeza la uzoefu tu. Kabla hujarusha chochote weka --check --diff, itakuonyesha ingebadilisha nini bila kubadilisha. Ila usiiamini asilimia mia, kazi ulizoandika kwa shell inaziruka tu. Na --limit, ya kuchagua mashine zipi tu ziguswe, usiisahau. Mimi 2017 nilitaka kuwasha upya seva moja ya majaribio, saa tano asubuhi, nikasahau --limit. Nilisikia simu za mezani zinaanza kulia upande wa uhasibu, zikaja mapokezi, zikanifikia. Nilikuwa nimeiona ile skrini inaandika majina ya seva moja moja na mkono wangu uko kwenye Ctrl+C lakini ilikuwa imeshapita. Tangu siku hiyo pleibuku zangu za kuwasha upya zina serial: 1, mashine moja moja, na zinaniuliza jina la tawi niandike kwa mkono.

Kuhusu bosi wako na swali lake, usimjibu kwa jina la programu. Mwambie siku ile ya Kahama. Mwambie pia mimi nikiumwa dogo anasoma hizi faili na anajua kila mashine ikoje, sasa hivi anayejua ni mimi na Excel yangu. Na ile kotesheni msubirishe, ukishafika mashine mia tatu na mkaguzi anataka kujua nani kabadilisha nini lini, hapo platifomu ya kulipia inaanza kuwa na hoja.

FundiWaSeva:
Narudi na mrejesho wakuu, wiki mbili zimepita.

Nimeanza na --check kwa matawi yote 14, sijabadilisha kitu, nilitaka tu kuona. Jamani. Nilidhani zile mashine ni mapacha kwa sababu nilizisetap mwenyewe. Tano ziko UTC. Mbili zina Ubuntu ya zamani kuliko zingine na sikumbuki kwa nini. Mbeya kuna akaunti ya jamaa aliyeacha kazi mwaka juzi na ina sudo, mamlaka ya msimamizi, funguo yake ya SSH bado iko pale inatabasamu. Nimeiondoa kote kwa mistari minne, zamani ingenichukua siku na ningesahau moja.

Bosi nimemwonyesha orodha ile, hakuuliza tena inafanya nini, kauliza tu kwa nini hatukuwa nayo. Kotesheni kaiweka droo.

Matawi nayavutia kwa pull, kila moja na ufunguo wake kama dada alivyosema. Mtwara na Songea zimekatika mara tatu na zimerudi zenyewe. Windows bado, naanza na domeni kwanza, Bwana wa Maskati nitakusumbua.

Tatizo moja tu, Tunduma kila siku saa saba mchana haijaripoti, saa nane inaripoti. Nimekagua kroni, nimekagua VPN, nimekagua ruta, nimemaliza siku mbili nasoma logi. Leo nimempigia simu dada wa kaunta. Anasema kaka huo muda wa chakula huwa tunachomoa kile kiboksi cheusi tuchomeke jagi la chai.

DadaSysadmin:
Hiyo haina moduli kaka. Watumie ekstensheni.

MtuWaMaskati:
Afadhali kwako ni jagi.